Kipimo cha CD4 kwa Mtoto: Kila Umri na Nisabu Yake

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, katika jarida letu tumezoea kusoma makala za fikihi, sira na tajwidi. Mwaka huu nataka tusome pamoja somo la elimu ya mwili, nalo ni kipimo cha damu kinachoitwa CD4, na hasa kipimo hicho kinapofanywa kwa watoto wanaoishi na virusi vya ukimwi (VVU).

Jina hili mmelisikia. Linatajwa hospitali, linatajwa redioni, na wakati mwengine linatajwa barazani na watu wasiojua maana yake. Kutojua huko kunaleta madhara mawili. Mmoja anasikia namba ya mtoto wake imepanda, akadhani maradhi yamekwisha, akaacha kumpa dawa. Mwengine anasikia namba ya mtoto wa jirani imeshuka, akaanza kumtazama mtoto yule kama maiti anayetembea. Wote wawili wameisoma namba bila ya elimu yake. Makala hii inakusudia tuisome namba hiyo inavyopaswa kusomwa.

MARADHI YENYEWE NA VISIWA VYETU

Mwezi wa Juni 1981 huko Marekani ilitolewa ripoti ya vijana watano wa mji wa Los Angeles waliopatwa na homa ya mapafu ya aina ambayo haimpati mtu mwenye mwili mzima. Madaktari walipozipima chembe nyeupe za damu za wagonjwa wa namna hii waliona kuwa aina moja ya chembe hizo imekaribia kumalizika. Wakati huo hakuna aliyejua sababu. Kirusi chenyewe kiligunduliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Ufaransa. Kwa hiyo kupungua kwa chembe hizo kulijulikana kabla ya kujulikana adui anayezimaliza.

Kwa upande wa Tanzania, wagonjwa wa mwanzo walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera. Hapa Zanzibar wagonjwa wa mwanzo walitambuliwa mwaka 1986 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Tume ya Ukimwi Zanzibar iliundwa mwaka 2002, na dawa za ARV zilianza kutolewa katika visiwa vyetu mwaka 2005. Alhamdulillahi, maradhi haya hayakuenea sana kwetu: katika watu wazima wa Zanzibar, wanaoishi na VVU ni chini ya 1 kwa kila 100.

Lakini uchache huo una mtihani wake. Penye wagonjwa wengi, watu huzoea na hujifunza. Penye wagonjwa wachache, kila mmoja hunyooshewa kidole. Mtoto mmoja katika kijiji akijulikana, habari yake huvuka shehia kabla ya magharibi.

Watoto wengi wenye VVU waliyapata kwa mama zao: wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Pasipokuwa na tiba yoyote, katika kila mama 100 wenye virusi, baina ya 15 na 45 huwaambukiza watoto wao. Mama akitumia dawa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

MUADHINI WA MWILI

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili ulinzi, na sehemu kubwa ya ulinzi huo ni chembe nyeupe za damu. Chembe nyeupe zina makabila mengi. Kabila moja linaitwa limfosaiti, nalo lina koo zake. Zipo limfosaiti B, zinazotengeneza kingamwili, yaani silaha za kuvishika vijidudu. Zipo limfosaiti T zenye kazi ya kuua seli za mwili zilizokwisha kuingiliwa na kirusi. Na zipo limfosaiti T nyengine ambazo kazi yake ni kuita na kuamrisha. Hizi za mwisho ndizo seli za CD4.

Mfano wa seli ya CD4 ni muadhini. Muadhini haswali kwa niaba ya watu wa mji, lakini asipoadhini watu hubaki mashambani na madukani, kila mmoja na lake, na safu hazipangiki. Seli ya CD4 vile vile: kazi nyingi za kupigana hufanywa na wengine, lakini yeye ndiye anayewaita, anawaambia adui ni nani, na anawaamrisha waongezeke.

VVU vinamwinda muadhini huyu. Mwaka 1984 wataalamu walibainisha kuwa kirusi hiki huishika ile alama ya CD4 iliyoko juu ya seli, akaifanya ndio mlango wake wa kuingilia. Akishaingia huitumia seli kujizalisha, na seli nyingi hufa. Muadhini wakipungua, mwili hushindwa hata na vijidudu dhaifu ambavyo mtu mzima wa afya huvishinda bila ya kujua kama amepigana navyo.

ALAMA ILIYOKO JUU YA SELI

Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Ukizitazama limfosaiti kwa hadubini ya kawaida, ya kuita, ya kuua na ya kutengeneza kingamwili zote zinafanana: duara dogo lenye kiini kikubwa. Ni kama watoto wa vyuo vyote waliokusanyika uwanjani siku ya Idi, kila mmoja na kanzu nyeupe na kofia. Kwa mbali huwezi kujua nani wa chuo gani.

Lakini kila seli imevaa alama zake nje ya ngozi yake nyembamba. Alama hizo ni protini zilizochomoza juu ya seli. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris wakakubaliana kuzipa alama hizo namba, ili mtu wa Japani na mtu wa Brazil wakitaja jina wakusudie kitu kimoja. Kila namba ikatanguliwa na herufi CD. Leo zimefika zaidi ya 350. Namba 4 haina siri yoyote ndani yake. Ni namba ya orodha tu. Katika kipimo chetu zinazotumika zaidi ni hizi:

CD45 ipo juu ya chembe nyeupe zote.
CD3 ipo juu ya limfosaiti T zote.
CD4 ipo juu ya T zinazoita na kuamrisha.
CD8 ipo juu ya T zinazoua.
CD19 ipo juu ya limfosaiti B.

Seli yenye CD3 na CD4 kwa pamoja ndiyo tunayoitafuta. Alama ya CD4 peke yake haitoshi, kwa sababu chembe nyengine nyeupe, zinazoitwa monosaiti, nazo zina CD4 kidogo. Ni kama shahidi mmoja katika kesi inayotaka mashahidi wawili.

VIPI ZINAHESABIWA

Mwaka 1975 katika mji wa Cambridge, Uingereza, wataalamu wawili, Georges Köhler na César Milstein, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, kila moja ikishika alama moja tu na kuziacha nyengine zote. Kwa kazi hiyo walipewa tunzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na mwenzao Niels Jerne. Kingamwili hizo ndizo zinazotuwezesha kuipata CD4 katikati ya alama zote.

Kazi huenda hivi. Muuguzi humtoa mtoto damu kidogo mkononi, akaitia katika kichupa chenye kifuniko cha rangi ya zambarau. Ndani ya kichupa mna dawa inayoizuia damu isigande. Damu hii haitiwi barafuni wala haiwekwi juani, na inatakiwa ihesabiwe ndani ya siku moja au mbili. Kwa watu wa kisiwani hilo si jambo dogo, kwani damu inayosubiri chombo cha kuvuka bahari hupitwa na wakati wake kama samaki.

Maabara, fundi huchukua kiasi kidogo cha damu kilichopimwa sawasawa, akachanganya na kingamwili zilizofungiwa rangi zinazong'aa. Ya CD3 ina rangi yake na ya CD4 ina rangi yake. Kila kingamwili huenda ikaishika alama yake. Kisha mchanganyiko hupitishwa katika mashine yenye mfereji mwembamba sana, seli zikapita moja moja, mfano wa watu wanaopita mlango wa msikiti mmoja baada ya mmoja. Kila seli inapopita hupigwa na mwangaza wa leza. Yenye rangi hung'aa, na jicho la mashine huandika: huyu ana zote mbili, huyu ana moja, huyu hana.

Vipi mashine inajua ni seli ngapi katika kiasi fulani cha damu? Katika kichupa hutiwa vishanga vidogo mno ambavyo idadi yake inajulikana. Ikiwa vimetiwa vishanga 1,000 na mashine imevihesabu 100, basi imesoma sehemu ya kumi ya mchanganyiko, na seli ilizozihesabu zitazidishwa mara kumi. Mwisho hupatikana idadi ya seli za CD4 katika mikrolita 1 ya damu. Mikrolita 1 ni ujazo wa kijisanduku cha milimita 1 kila upande. Tone moja la damu lina mikrolita kama 50.

Wenye mashamba ya mikarafuu wataielewa kazi hii upesi. Karafuu zikiletwa kutoka shambani huchambuliwa, karafuu upande na makonyo upande, kisha ndio zikapimwa. Anayepima pishi bila ya kuchambua hajapima karafuu. Kipimo cha CD4 nacho ni kuchambua kwanza, kuhesabu baadaye.

Siku hizi zipo pia mashine ndogo za kubeba mkononi zinazotumia damu ya kuchoma kidole, na tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) limekiidhinisha kipimo cha kijiti kinachosema tu kama CD4 iko juu au chini ya 200. Ni neema kwa vituo vya mbali, lakini kipimo hicho cha 200 hakimfai mtoto mchanga, na sababu yake inafuata.

KILA UMRI NA NISABU YAKE

Mwanafunzi aliyesoma mlango wa Zaka anajua kuwa nisabu ya ngamia ni 5, ya ng'ombe ni 30, na ya mbuzi ni 40. Mtu mwenye mbuzi 5 akisema kuwa amefikia nisabu kwa sababu mwenye ngamia 5 amefikia, tutamwambia rudi chuoni. Namba ni moja, hukumu ni mbili.

CD4 ni hivyo hivyo. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 baina ya 500 na 1,500 hivi. Mtoto mchanga mwenye afya huwa na nyingi zaidi sana, hata 3,000 na kupita, kwa sababu mwili wake unakutana na vijidudu vya dunia kwa mara ya kwanza na Mola wake amemjazia askari. Anavyokua, idadi hushuka kidogo kidogo, na akifika miaka mitano au sita huikaribia ya watu wazima. Kushuka huko si maradhi, ni makuzi.

Haya hayakukisiwa kwa vitabu vya Ulaya peke yake. Huko Uganda walipimwa watu 3,311 wasio na VVU, kuanzia mtoto wa wiki 1 hadi mzee wa miaka 92, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Katika mkoa wa Kilimanjaro walipimwa watoto wenye afya zaidi ya 600, na matokeo yakatolewa mwaka 2010. Kote huko ilionekana hali hiyo hiyo: watoto wadogo wana seli nyingi, na umri unavyopanda zinapungua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 WHO iliweka mipaka kwa mujibu wa umri. Mtoto mwenye VVU alihesabiwa kuwa kinga yake imedhoofika vibaya akiwa chini ya mipaka hii:

Umri chini ya mwaka 1: CD4 1,500, au asilimia 25.
Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 3: CD4 750, au asilimia 20.
Miaka 3 hadi kabla ya miaka 5: CD4 350, au asilimia 15.
Miaka 5 na kuendelea: CD4 200, au asilimia 15.

Tuchukue mfano. Watu watatu wamepimwa, kila mmoja amepata 1,200. Wa kwanza ni mtu mzima. Kinga yake ni nzuri. Wa pili ni mtoto wa miaka minne. Naye ni mzima katika upande huu. Wa tatu ni mtoto wa miezi minane. Huyu yuko chini ya 1,500, na kwa mizani ya umri wake kinga yake imedhoofika vibaya. Baba yake akisema barazani, "Mwanangu ana elfu moja na mia mbili, mimi mwenyewe nina mia sita," atakuwa anafurahi mahali pa kukimbilia hospitali.

ASILIMIA NI NINI

Mtaona kuwa kila mpaka una namba mbili, idadi na asilimia. Asilimia maana yake ni hii: katika kila limfosaiti 100, ngapi ni CD4. Yule mtoto wa miezi minane, tuseme ana limfosaiti 6,000 na CD4 1,200. Asilimia yake ni 20. Yule wa miaka minne, tuseme ana limfosaiti 4,000 na CD4 1,200. Asilimia yake ni 30. Mara moja tunaona tofauti yao, ingawa idadi ilikuwa moja.

Idadi hubadilika sana kwa umri, na hubadilika pia kwa homa, na hata baina ya asubuhi na jioni ya siku moja. Asilimia hutulia zaidi. Ndio maana kwa watoto walio chini ya miaka mitano madaktari wamekuwa wakiitegemea zaidi asilimia. Na ndio maana mashine inayotoa idadi peke yake inamtosha mtu mzima kuliko mtoto.

Kutokana na hayo tunapata kanuni mbili. Kwanza, kipimo kimoja hakitoi hukumu. Kama mara hii ni 820 na mara ile ilikuwa 870, hiyo si habari. Habari ni mwendo wa vipimo kadhaa. Pili, CD4 si kipimo cha kujua kama mtu ana VVU. Surua, kifua kikuu na utapiamlo vinaweza kuishusha kwa mtu asiye na VVU kabisa. Mtoto mchanga hutafutiwa kirusi chenyewe kwa kipimo maalumu, kwa kawaida kutokana na matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, kwa sababu kingamwili za mama yake hubaki katika damu yake hadi miezi 18 na huweza kukipotosha kipimo cha kawaida.

ZAMANI NAMBA ILIKUWA MLANGO WA DAWA

Miaka ya mwanzo dawa zilikuwa chache na ghali, na mgonjwa alisubiri mpaka CD4 yake ishuke kiwango fulani ndipo aanzishiwe. Watoto nao walisubirishwa. Kisha ukafanywa utafiti Afrika ya Kusini, katika Soweto na Cape Town, kwa watoto wa wiki 6 hadi 12 wenye VVU ambao asilimia yao ya CD4 ilikuwa bado nzuri, 25 na kuendelea. Baadhi yao walipewa dawa papo hapo, na wengine walisubiri kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Katika waliosubiri, walifariki 16 kwa kila 100. Katika walioanza mapema, walifariki 4 kwa kila 100.

Tuzingatie hapo. Watoto wale walikuwa na namba nzuri, na bado kusubiri kuliwaua. Kwa mtoto mchanga maradhi haya huenda mbio kuliko kipimo. Mwaka huo huo WHO iliagiza kila mtoto wa chini ya mwaka 1 mwenye VVU aanzishiwe dawa bila ya kusubiri namba. Mwaka 2013 ikawa kila mtoto wa chini ya miaka 5, na mwaka 2015 ikawa kila mtu mwenye VVU, mkubwa kwa mdogo. Tanzania ikaufuata ushauri huo.

Utafiti mwengine ulifanywa karibu yetu, Uganda na Zimbabwe, kwa watoto 1,206 waliokuwa wakitumia dawa, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Baadhi yao daktari alikuwa akipewa majibu ya CD4 mara kwa mara. Wengine daktari aliwafuatilia kwa kuwatazama, kuwapima uzito na kuuliza hali zao. Baada ya miaka kadhaa makundi mawili yalikaribiana, na watoto walio wengi sana wa kila kundi walikuwa hai. Funzo lake ni kuwa dawa ndiyo shina, kipimo ni tawi. Zahanati isiyo na mashine isimnyime mtoto dawa kwa kisingizio cha mashine.

Je, CD4 imekwisha kazi? La. Hadi leo humwonyesha daktari ni nani aliyefika hospitali akiwa amechelewa, na nani anahitaji kukingwa zaidi na homa ya mapafu na kifua kikuu. Mtoto wa chini ya miaka 5 anapogunduliwa tu huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa, namba yake iwe yoyote. Ama kujua kama dawa inafanya kazi, kipimo kinachotegemewa zaidi sasa ni kile cha wingi wa virusi katika damu.

NAMBA IKIPANDA, DAWA HAIACHWI

Hili ndilo nililolikusudia zaidi. Dawa za ARV huwazuia virusi wasizaliane, lakini haziwatoi wote mwilini. Wengine hujificha ndani ya seli na kulala. Virusi wakizuiwa, muadhini wa mwili huongezeka, CD4 hupanda, mtoto hunenepa, huenda skuli, huhifadhi juzuu. Wazee humtazama wakasema amepona. Akiachishwa dawa, waliolala huamka. Ubaya ni kuwa CD4 haishuki siku ile ile. Wiki zitapita mtoto akicheza, na aliyeshauri dawa ziachwe ataonekana mkweli. Namba itakuja kushuka baadaye, na huenda virusi wakawa wamekwisha kuizoea dawa ile isiwafae tena.

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu, wakiamini kinatibu maradhi sugu pamoja na ukimwi. Walikuwamo walioacha dawa zao za ARV kwa kukitegemea. Tusiwacheke. Na sisi kwetu wapo wanaoacha dawa kwa sababu wamekunywa kombe au wamesomewa. Mimi ni mwalimu wa chuo na siwezi kuidharau dua. Dua ni ibada. Lakini dini yetu imetufundisha kutafuta tiba na kushika sababu pamoja na kumtegemea Mola. Anayemsomea mtoto na amsomee, na mtoto ameze dawa yake kwa wakati. Anayemwambia mzazi aache dawa amechukua dhamana ya roho ya mtoto, na siku ya hesabu ataulizwa.

DAMU, DAWA NA SAUMU

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: mtu akitolewa damu ya kipimo mchana wa Ramadhani, saumu yake inabatilika? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kutoka damu kwa njia hii hakubatilishi saumu. Kumeza dawa kunabatilisha. Lakini dawa nyingi za sasa humezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kupanga wakati wake uwe usiku, wakati wa futari au daku. Jambo hili aulizwe daktari kabla ya mwezi kuandama, wala mtu asijipangie mwenyewe. Mtoto ambaye hajabaleghe hajalazimika kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake katika sheria.

WAJIBU WETU CHUONI

VVU havipiti kwa kukaa jamvi moja, kusoma msahafu mmoja, kutawadha katika hodhi moja, kula katika sinia moja wala kupeana mkono. Hakuna sababu ya kumtenga mtoto yeyote. Na kama mmoja wetu amejua habari ya mwenzake, hiyo ni amana. Akiitangaza, ikiwa kweli ni kusengenya, na ikiwa uongo ni kuzulia. Mnazijua hukumu zao.

Na kama wewe unayesoma hapa ni mmoja wa watoto hao, nakuambia: namba iliyoko katika kadi yako inasema askari wako ni wangapi leo. Haisemi wewe ni nani, wala haisemi umekosa nini, kwa sababu hukukosa kitu. Meza dawa yako, muulize daktari kila usichokifahamu, na uje chuoni. Nafasi yako katika safu iko pale pale.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini fundi wa maabara hutafuta CD3 na CD4 kwa pamoja?
2. Mtoto wa miezi 10 ana limfosaiti 5,000 na CD4 1,000. Tafuta asilimia, kisha utaje yuko upande gani wa mpaka wa umri wake.
3. Eleza kwa nini namba kupanda si dalili ya kuacha dawa.
4. Jirani anakuambia habari ya damu ya mtoto fulani. Utamjibu nini?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazee wao, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi taufiiq.